Mzani wa Udongo Mweusi

Jumanne, 14 Julai 2071. Njombe iliamka na jalidi. Majani ya chai kule bondeni yalikuwa meupe kama yamenyunyiziwa unga, na ukungu ulikuwa umekaa hadi kwenye madirisha ya karakana, kiasi kwamba mlinzi wa getini alikuwa anasalimia watu kabla hajajua ni akina nani.

Vumilia Mtewele aliweka kikombe chake cha chai mezani, akavua kofia ya sufu, akafumba macho. Hakuwahi kugusa mtambo kabla ya kusali. Alikuwa ameanza tu kumshukuru Mungu kwa usingizi wa jana aliposikia mlango.

"Kamwene, mama. Samahani. Sema amina kwanza, halafu njoo uone."

Aliyemsalimu hivyo kwa Kibena alikuwa Asifiwe, fundi wa mtambo, msichana mwenye kalamu tatu nywelini ambazo hakuwahi kuzitumia.

"Kamwene. Sala si simu, binti, huwezi kuikata katikati. Ngoja."

"Mama, wanacheka makaburini."

Vumilia akasema amina.

Ukuta wa kaskazini wa karakana ulikuwa wa kioo, na ndani yake kulikuwa na jua kali la nchi nyingine. Hiyo ndiyo Udongo Mweusi, dunia ya mchezo waliyokuwa wakiijenga kwa miaka miwili. Mgeni angevaa kofia ya nyaya, afumbe macho hapa Njombe na kuyafumbua kule, akiwa amevaa mtu mwingine: mwandishi wa hekalu, mwashi, binti wa mfalme, mwizi wa makaburi. Kila kitu kilichukua mfano wa Misri ya kale. Mto ulifurika na kuacha matope meusi. Vibarua walilipwa mikate na bia. Maiti walitolewa ubongo puani ukatupwa, lakini moyo uliachwa kifuani, kwa sababu moyo ndio ulikuwa na safari ya kwenda kupimwa. Tofauti na Misri, hapa hata aliye hai aliweza kupelekwa mzanini.

Wenyeji wa dunia hiyo hawakuandikwa mmoja mmoja. Walilelewa. Mtambo ulipewa sheria kwa Kiswahili, ukaachwa uzae vizazi. Wiki moja ya Njombe ilikuwa miaka mingi ya kule. Kila mwenyeji aliwahi kuwa mtoto, akaumwa na meno, akagombana na ndugu zake. Ndiyo sababu Udongo Mweusi ulisubiriwa kwa hamu. Tangu usiku wa jana saa za kule zilikuwa zimelinganishwa na za hapa ziende pamoja, na leo saa sita mchana wageni wa kwanza wangeingia.

"Tazama," alisema Asifiwe.

Kwenye kioo, kando ya shamba la kitani, watu walikuwa wamezunguka shimo dogo. Ndani ya shimo kulikuwa na kifurushi cha mkeka, kifupi kama mkono wa mtu mzima. Na watu walikuwa wanacheka. Mzee mmoja alikuwa anasimulia habari za punda aliyekula ndevu za kuhani, na wanawake walijipiga mapaja, wakaegemeana. Mmoja tu, mwanamke mwenye alama za chachu ya bia mikononi, alikuwa amefungua mdomo bila kicheko kutoka. Jirani yake alimshika mashavu kwa vidole viwili na kuyavuta juu.

"Cheka, Senu," jirani alinong'ona. "Cheka, dada, wanakuja!"

Senu hakuweza. Ilimtoka sauti nyingine kabisa. Askari wawili wa hekalu walitokea nyuma ya kitani na kumshika.

Vumilia alijikuta amekaa juu ya kikombe chake cha chai. Hakujali. "Hiyo ni hitilafu ya mtambo?"

"Nimekagua. Mtambo ni mzima kuliko sisi. Ni sheria, mama. Sheria ya mzani."

"Sheria ya mzani niliandika mimi. Nakumbuka kila neno. 'Atakayekutwa na moyo uliolemewa na dhuluma, moyo wake utaliwa na Mla-Mioyo.' Dhuluma! Kicheko kinaingilia wapi?"

Asifiwe alisogeza picha hadi kwenye lango la hekalu. Juu ya lango, kwenye jiwe, palichongwa maneno machache: MWENYE MOYO MZITO ATALIWA.

"Nani kaandika hivi?"

"Bosi alifupisha. Alisema wageni hawasomi sentensi ndefu, na herufi hazikutosha kwenye jiwe."

"Hazikutosha kwenye jiwe," Vumilia alirudia polepole. "Asifiwe, jiwe lenyewe tumelichora sisi. Tungeweza kulichora refu kama treni!"

Hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana alizijua tabia za mtambo. Ukikuta neno lenye nyuso mbili, yaani maana mbili, hauulizi. Unasubiri. Uso utakaotamkwa kwanza ndani ya dunia yenyewe, mbele ya mashahidi, huo ndio unaoshikwa, na vizazi vyote hulelewa juu yake. Asifiwe alikuwa amekwisha kuitafuta siku neno hilo lilipotamkwa. Kuhani wa kwanza wa Udongo Mweusi alifiwa na mke, akasimama mbele ya watu akasema, kama ambavyo Mswahili yeyote angesema, kwamba moyo wake ni mzito. Basi. Kuanzia hapo moyo mzito ukawa huzuni, na mwenye huzuni akawa chakula cha Mla-Mioyo. Watu walijifunza kucheka.

"Na walioshindwa kucheka? Vizazi vyote hivyo?"

Asifiwe alipunguza sauti ya mtambo, ingawa hakuna aliyekuwa anasikia. "Alichokula Mla-Mioyo hakirudi, mama. Tulitaka hivyo, ili mchezo uwe na hatari ya kweli."

*

Mkurugenzi wao, Gaudensi Fute, aliwapokea akiwa amevaa suti mpya, lebo bado ikining'inia kwenye mkono. Aliangalia mazishi mara mbili, akapiga makofi.

"Jamani! Hiki ni kitu ambacho hakuna dunia nyingine inacho. Mazishi ya kicheko! Mama Vumilia, wageni watakisimulia mpaka wachoke."

"Bwana Gaudensi, yule mama amezika mtoto."

"Nimeona. Inauma. Ndiyo maana itapendwa. Na nimeuliza mtambo, atapimwa leo leo, saa sita, wageni wakiwa wanaingia langoni. Yaani hata tungepanga tusingepanga hivi."

Vumilia aliitazama ile lebo. Alitamani kuikata kwa meno. "Rudisha sentensi yangu."

"Hairudi." Gaudensi alikaa, na ghafla akaonekana amechoka kama wenzake. "Unajua hairudi. Ukibadilisha sheria kutoka nje, kumbukumbu zao zinapingana na dunia yao. Wanapasuka wote, na tunaanza upya na watu wengine. Ndicho unachotaka? Uwafute wote kwa ajili ya mmoja?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni, na kila pigo lilichelewa kufika kwa sababu ya ukungu.

"Ila mimi si mnyama," alisema Gaudensi. "Kuna njia ya tatu. Tumtoe huzuni. Asifiwe anaweza kuingia kwenye kumbukumbu za Senu, amtoe yule mtoto, kila kitu, mimba mpaka kaburi. Moyo unakuwa mwepesi, mzani unampitisha, mama anakwenda nyumbani kupika bia yake. Haumwi popote. Na hao wengine wanaoficha, tunawatoa usiku huu wote, kimyakimya. Hiyo si huruma?"

"Ni huruma ya namna gani ambayo mtu haulizwi?"

"Ni wenyeji, mama. Si watu."

"Mimi sijui ni nini. Mungu anajua, na hajaniambia. Lakini mtu asiyejua kama kinachotikisika kichakani ni mbwa au mtoto, harushi jiwe."

"Hakuna anayerusha jiwe! Nakuambia tumwondolee maumivu, wewe unanihubiria. Kumbukumbu haziguswi bila sauti ya mtunga sheria, na mtunga sheria ni wewe. Naomba neno moja tu: ndiyo. Watu thelathini wa karakana hii wamekesha kwa ajili ya leo. Useme ndiyo, tunywe chai."

Vumilia alifumba macho. Bwana, alisali moyoni, nipe subira, na kama hutanipa subira basi mpunguzie huyu mdomo. Lakini hakuwa na uhakika kwamba Gaudensi amekosea, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Alipofiwa na mumewe, kulikuwa na asubuhi ambazo yeye mwenyewe angesema ndiyo mara kumi.

"Nitamuuliza mwenyewe," alisema.

"Utamuuliza nini? Hajui hata kama sisi tupo!"

"Basi leo atajua."

*

Alivaa kofia ya nyaya akiwa bado na sketi iliyolowa chai. Alipofumbua macho alikuwa mwandishi wa hekalu, mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa na kanzu ya kitani, na joto lilimpiga usoni kama mfuniko wa sufuria. Chumba cha kusubiria kupimwa kilikuwa nyuma ya ua wa mzani. Senu alikuwa amekaa chini, mikono magotini. Jirani yake Baketi, yule aliyemvuta mashavu, alikuwa amejipenyeza kwa walinzi na sasa alikuwa anamkaripia.

"Mfikirie bata. Unamkumbuka yule bata aliyeanguka kwenye pipa lako? Eti hakuchekeshi? Senu, mbona mkaidi hivi!"

"Baketi, niache."

"Nikuache uliwe? Nani atanipikia bia? Shemeji yako anapika maji ya kuoshea nguo!"

Kona moja ya mdomo wa Senu ilitikisika, kisha ikaanguka tena. Baketi akakata tamaa, akageuza uso ukutani asionekane.

Vumilia aliketi mbele ya Senu na kumweleza, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza, kwamba yuko mtu anayeweza kumtoa huzuni kabla ya kupimwa. Senu alisikiliza kama fundi anayesikiliza bei.

"Huzuni peke yake?"

"Huzuni na mtoto. Haviachani."

"Nikishatolewa, nitajua niliwahi kuwa na Tiya?"

"Hutajua."

"Wewe utajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi wewe utakuwa na mwanangu, na mimi sina." Senu alitikisa kichwa. "Hapana, mwandishi. Afadhali Mla-Mioyo. Yeye angalau anakula mbele za watu."

"Senu, mdogo wangu, usiniletee maneno mazuri. Saa yenyewe imekaribia. Nisaidie nikusaidie!"

"Wewe umewahi kuzika?"

"Mume."

"Ulicheka vizuri?"

"Nililia hadi sauti ikakauka. Hata kugeuka kitandani sikuweza. Watu wakaja, wengine sikuwajua hata majina. Wakaleta kuni, wakaleta unga, wakakaa chini uani kwangu siku kadhaa. Hawakufanya lolote. Walikaa tu."

Baketi aligeuka. Hadithi hiyo ilimshinda. "Walikaa na mtu mwenye moyo mzito? Hawakuogopa? Walikuja kufanya nini?"

"Kuhani."

Senu na Baketi walitazamana.

"Alikuja kuhani mmoja," alisema Senu kwa uangalifu.

"Si mmoja. Mtaa mzima. Walikuja kuhani."

"Mtaa mzima ni makuhani?" Baketi alishangaa. "Mume wako alikuwa mfalme?"

"Alikuwa anauza parachichi! Sikiliza. Si mtu. Kuhani si mtu."

"Kuhani wetu ni mtu. Ana kitambi."

"Huyo ni kuhani mtu. Mimi nasema kuhani, kazi. Unakwenda kumhani aliyefiwa. Amenihani, nimemhani, tumehaniana..." Vumilia alishika kichwa chake kilichonyolewa. Hawa walikuwa wamelelewa kwa Kiswahili kitupu, na neno hilo halikuwahi kupita midomoni mwao, kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kufanya tendo lake. "Mungu wangu, nitawaelezaje watu ambao hawajawahi kupewa pole?"

Aliinua macho kwa hasira, na kupitia dirisha dogo macho yakaangukia ukuta wa ua. Pale, chini ya picha ya mizani, palichongwa sheria ya pili, moja ambayo Gaudensi hakuigusa kwa kuwa ilikuwa fupi tayari: ASIPIMWE MTU BILA KUHANI.

Vumilia aliisoma mara ya kwanza kama alivyoiandika, akiwa na maana ya yule mwenye kitambi. Akaisoma tena.

"Asifiwe," alisema taratibu. "Unanisikia?"

Sauti ya Asifiwe ilimjia sikioni kutoka Njombe. "Nakusikia, mama. Na bosi yupo hapa."

"Sheria ya pili. Uulize mtambo kama ule uso mwingine wa neno umewahi kutamkwa."

Ukapita muda mfupi. Kisha Asifiwe alianza kucheka, kicheko cha kweli, cha Njombe. "Haujawahi! Uko wazi, mama. Mtambo unasubiri tu mtu autamke."

"Subiri kwanza," Gaudensi alidakia. "Mama Vumilia, usitamke kitu hapo. Ukisema mbele ya mashahidi inakuwa sheria!"

"Ndiyo shida yako leo nzima, Gaudensi. Unajua kinachotokea, halafu unafupisha."

Pembe ikalia. Mlango ukafunguliwa.

*

Ua wa mzani ulikuwa umejaa. Upande mmoja walisimama wenyeji, wote wakitabasamu kwa woga. Upande wa lango walikuwa wageni, wageni kweli, wakijitazama mikono mipya na kugusana nguo. Mwizi wa makaburi mmoja alikuwa anaruka juu na chini kujaribu magoti. Mizani ya shaba ilisimama katikati, na juu ya sahani moja ulikuwapo unyoya wa kupimia moyo. Nyuma yake, kivulini, kitu chenye kichwa cha mamba kilipumua.

Kuhani, yule mwenye kitambi, alinyoosha fimbo kwa Senu. "Mlete."

"Bado," alisema Vumilia, akajiweka kati yao. "Soma sheria ya pili, baba."

Mzee alisoma kwa sauti, akaudhika. "Asipimwe mtu bila kuhani. Mimi si kuhani? Nipo hapa."

"Upo, na asante. Lakini umemhani?"

"Nimemfanya nini?"

Mwizi wa makaburi aliinua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, hii ni sehemu ya mchezo?"

"Ndiyo mchezo wenyewe, mwanangu. Tulia." Vumilia aliwageukia wenyeji. "Kuhani ni kwenda kwa aliyefiwa na kuketi naye chini. Unataja jina la aliyekufa. Humwambii acheke. Sheria inasema asipimwe mtu mpaka apate hilo, na Senu hajapata. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kupata. Mzani huu haukuwa na ruhusa tangu mwanzo."

Mnong'ono ulipita uani. Kitu cha kivulini kiliacha kupumua, kama kinachosikiliza. Baketi, bila kuambiwa na mtu, aliketi mavumbini kando ya Senu.

Kuhani aliisoma tena sheria ukutani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa sheria. "Neno lina uso huo," alikiri. "Nausikia. Lakini neno bila tendo halishiki hapa, mwandishi, mababu wametufundisha. Anayetamka uso mpya lazima ajifunge kwa tendo lake, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Na siku atakapoliacha tendo, uso wa zamani unarudi, na wote waliongojeshwa wanapimwa papo hapo. Nani atafanya kazi hiyo? Wenye moyo mzito ni wengi. Hata nyuma ya vicheko hivi." Akapunguza sauti. "Hata mimi."

"Mama, usijibu!" Gaudensi alipiga kelele sikioni. Lakini sauti yake ilikuwa ya kuomba sasa, siyo ya kuamuru. "Ni maelfu. Utawahani maelfu? Wewe una kwaya, una kuku, una mguu mbovu! Na siwezi kukuahidi kiti hapa karakana, unaelewa? Wenye mradi wakisikia mzani umesimama, wataniuliza mimi. Sema ndiyo kwa ile njia ya tatu, yaishe. Tafadhali, dada."

Hakuwahi kumwita dada. Vumilia alimhurumia, na bado alikereka naye. Alimtazama Senu, aliyekuwa ameegemea bega la Baketi na kulia wazi, kwa sauti, kwa mara ya kwanza katika nchi ile, na hakuna aliyemshika mashavu. Kama kilichokuwa kikilia pale hakikuwa mtu, basi Mungu angemsamehe kwa kukihurumia bure. Kama kilikuwa mtu, hakujua angesamehewa vipi kwa kukipita.

Akaketi chini, upande wa pili wa Senu. Vumbi lilikuwa la moto. Akainua sauti yake ya kwaya, ile inayofika viti vya nyuma.

"Mimi ni Vumilia Mtewele wa Njombe. Siapi kwa mto wenu wala kwa mzani huu. Ninaye Mungu wangu, na najua ananisikia hata hapa. Nasema tu, na nikisema nimesema. Nyinyi wenyeji ni mashahidi, na nyinyi wageni mliosimama langoni ni mashahidi, na wewe Gaudensi unayelia sikioni mwangu ni shahidi. Nimekuja kumhani Senu kwa ajili ya Tiya mwanawe, na sitaondoka hapa mpaka Senu mwenyewe aseme imetosha, moyo wake sasa unaweza kupimwa. Baada yake nitakwenda kwa anayefuata, na kwa anayefuata, kila mmoja kwa jina la mtu wake, kama mfanyakazi wa karakana au kama mgeni wa kupanga foleni, kwa miaka yote ambayo Mungu ataniachia. Na maadamu mimi ni hai, katika Udongo Mweusi hapimwi mtu bila kuhani."